India Inajua Kusema ‘Hapa Hapana’. Sisi Je?

Alhamisi ya Desemba 4 mwaka 2025 kulitokea mambo mawili mbali na hapa, na huenda yote mawili yalikupita ukiwa kwenye foleni ya matatu unatafuta nauli ya kurudi nyumbani.

La kwanza, Rais wa Urusi Vladimir Putin alitua New Delhi. Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, alienda mwenyewe hadi uwanja wa ndege kumpokea. Wakakumbatiana, kisha wakaingia gari moja. Kumbuka huyu ni Putin ambaye Marekani na Ulaya zimemrundikia vikwazo. Kumbuka pia kwamba miezi mitatu tu kabla ya hapo, Marekani ilikuwa imeichapa India ushuru mkali kwa kosa la kununua mafuta ya huyo huyo Putin.

La pili, huko Washington, Kenya ilitia sahihi mkataba wa afya na Marekani. Miaka mitano, dola bilioni 1.6 kutoka kwao, nasi tukaahidi kuongeza dola milioni 850 zetu. Wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha sehemu inayohusu kupeana data za afya, kwa sababu kuna watu walienda kortini na swali la kawaida kabisa: rekodi zetu za hospitali zinaenda wapi, na nani aliulizwa?

Siku moja, nchi mbili. Moja inamkumbatia mtu ambaye mteja wake mkubwa hataki kumwona. Nyingine inatia sahihi kwanza, kisha raia wake wanakimbilia korti wajue kilichoandikwa.

Najua utasema India ni India na sisi ni sisi. Wao ni zaidi ya bilioni 1.4, sisi hatufiki hata milioni 60. Ni kweli, na nitalirudia hilo. Lakini usifunge ukurasa bado, kwa sababu ninachotaka kukuambia hakihusu ukubwa. Kinahusu neno dogo ambalo nchi inapaswa kujua kulisema kabla haijaketi mezani na mtu yeyote: hapa hapana. Na kinahusu nani hasa huwa anaifundisha serikali kulisema.

India iko mfukoni mwako

Kwanza tuelewane kwa nini hii stori ni yako. Pikipiki iliyokupeleka stage leo asubuhi ina uwezekano mkubwa kuwa Boxer au TVS, zote za kampuni za India. Kama laini yako ni Airtel, mwenyewe ni kampuni ya India tangu 2010. Magadi yanayochimbwa pale Kajiado yako chini ya Tata. Na ukiingia kemisti yoyote mtaani ukageuza pakiti ya dawa upande wa nyuma, mara nyingi utasoma Mumbai, Hyderabad au Gujarat.

Uhusiano wenyewe ni wa kitambo. Zaidi ya Wahindi 30,000 waliletwa na Waingereza kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, na karibu 2,500 kati yao hawakurudi wala hawakubaki. Walifia kwenye reli. Wajukuu wa waliobaki ni Wakenya, na mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi kuwa kabila la 44.

Lakini ukiangalia biashara yenyewe, India inatuuzia vitu vingi mno kuliko tunavyowauzia. Kwa hivyo ukitaka kujua mtu unayefanya naye biashara anafikiria vipi, si vibaya kumtazama anapofanya biashara na wengine.

Kukaa meza zote

India ilipata uhuru 1947. Waziri Mkuu wake wa kwanza, Jawaharlal Nehru, alikuwa kati ya viongozi waliokutana Bandung, Indonesia, mwaka 1955, na mwaka 1961 kule Belgrade wakaanzisha rasmi kundi la nchi zisizofungamana na upande wowote. Wakati huo dunia ilikuwa imegawanyika kati ya Marekani na Muungano wa Kisovieti, na kila nchi changa ilikuwa inaulizwa: wewe uko na nani?

Jibu la India lilikuwa: niko na mimi. Lakini usidhani jibu hilo lilikuwa la kimalaika. Agosti 1971, vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh vikinukia na Marekani ikiwa upande wa Pakistan, India ilitia sahihi mkataba wa urafiki na Wasovieti. Tangu wakati huo silaha zake nyingi zimekuwa za Kirusi. Kutofungamana hakukumaanisha kukaa mbali na wakubwa. Kulimaanisha kuhesabu kila mara nani anakufaa kwa jambo gani.

Leo hesabu ni ile ile. India imo ndani ya BRICS pamoja na China na Urusi. Imo pia ndani ya Quad pamoja na Marekani, Japan na Australia, kundi ambalo China hailipendi hata kidogo. Ukiwa na marafiki wa hivyo mtaani, watu watakuita kigeugeu. Kwa nchi, hiyo inaitwa kutoweka mayai yote kwenye kapu la mtu mmoja anayeweza kuamka vibaya siku moja.

Na mtu huyo aliamka vibaya. Urusi ilipovamia Ukraine Februari 2022, Ulaya ikaanza kuyakwepa mafuta ya Kirusi na bei yake ikashuka. India, ambayo hununua nje zaidi ya asilimia 85 ya mafuta ghafi inayotumia, ikaona bei ya kutupa. Kabla ya vita, mafuta ya Urusi hayakufika hata asilimia 2 ya yale India iliyoagiza. Ndani ya muda mfupi yalikuwa zaidi ya theluthi moja. Ulaya ikalalamika, Marekani ikanuna, Delhi ikaendelea kununua.

Agosti 2025 Rais Donald Trump akachoka. Tarehe 7 akaweka ushuru wa asilimia 25 kwa bidhaa za India. Tarehe 27 akaongeza asilimia 25 nyingine kwa sababu ya mafuta ya Urusi. Jumla asilimia 50, kwa nchi inayouzia Marekani bidhaa za zaidi ya dola bilioni 80 kwa mwaka. Siku chache baadaye Modi alikuwa Tianjin, China, akipeana mikono na Xi Jinping na Putin. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga China kwa miaka saba.

Ng'ombe wawili wa mama wa kijijini

Hapa ndipo ningependa utulie kidogo, kwa sababu mafuta ya Urusi ni nusu tu ya stori.

Kwa miezi mingi kabla ya ushuru huo, Marekani na India zilikuwa zikijadiliana mkataba wa biashara. Mojawapo ya mambo yaliyokwama ni kilimo, hasa maziwa. Marekani ilitaka soko la India lifunguke. India ikakataa. Yule wa tarehe 7 Agosti alipoweka ushuru, Modi alisimama siku hiyo hiyo na kusema masilahi ya wakulima, wafugaji na wavuvi hayatauzwa, hata kama yeye binafsi atalipia gharama.

Kwa nini maziwa? India ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha maziwa, na hayo maziwa hayatoki kwenye mashamba makubwa kama ya Marekani. Yanatoka kwa mamilioni ya familia zenye ng'ombe au nyati wawili watatu, kama mama yako wa ushago kule Githunguri anayebeba mkebe hadi kwa chama cha ushirika asubuhi. Ukiruhusu maziwa ya unga ya bei ya chini yaingie bila kizuizi, mama huyo amekwisha kabla hajajua nini kimempiga.

Na si Marekani peke yake iliyoambiwa hapana. Novemba 2019, kule Bangkok, India ilijitoa dakika za mwisho kwenye RCEP, mkataba mkubwa wa biashara wa Asia ambao baadaye ulitiwa sahihi na nchi 15, China ikiwemo. Hofu mojawapo ilikuwa maziwa ya New Zealand. Julai 2025 ilitia sahihi mkataba na Uingereza. Ikakubali kupunguza ushuru wa wiski ya Uskoti kutoka asilimia 150 hadi 75 mara moja, kisha hadi 40 ndani ya miaka kumi. Wiski, sawa, leteni. Maziwa? Hapa hapana. Yakaachwa nje ya mkataba.

Unaona mchezo? India haikatai kila kitu. Inajua cha kutoa na inajua cha kufa nacho.

Sasa swali lenyewe: ilijuaje? Kwani Modi ni mtu mwenye huruma sana kwa wakulima?

Rudi nyuma hadi Septemba 2020. Serikali hiyo hiyo ya Modi ilipitisha sheria tatu za kubadilisha jinsi mazao yanavyouzwa. Wakulima, hasa wa Punjab na Haryana, waliona wanatupwa mikononi mwa kampuni kubwa. Novemba wakawasha trakta, wakaelekea Delhi, wakazuiwa mipakani mwa jiji, wakapiga kambi hapo hapo. Walikaa baridi, jua na mvua, wakipika barabarani, kwa zaidi ya mwaka mzima. Novemba 19, 2021, Modi akatokea kwenye runinga akatangaza kwamba sheria zote tatu zinafutwa.

Kwa hivyo 2025 alipoambiwa afungue soko la maziwa, hakuhitaji mshauri amweleze. Alikuwa ameshafunzwa. Karibu nusu ya wafanyakazi wa India wako kwenye kilimo, wanapiga kura, na wameonyesha kwamba wanajua njia ya kwenda Delhi. Ile “hapana” aliyoambiwa Trump haikuzaliwa kwenye ofisi ya mabalozi. Ilizaliwa kwenye mahema ya barabarani.

Dawa ya dola moja

Ukitaka mfano unaotugusa sisi moja kwa moja, uko kwenye kabati la dawa.

Mwaka 1970 India ilipitisha sheria iliyokataa kuipa kampuni yoyote haki ya kipekee juu ya dawa yenyewe. Ungeweza kulinda tu njia yako ya kuitengeneza. Kampuni za nje zilikasirika. Lakini viwanda vya India vikajifunza kutengeneza dawa zile zile kwa njia zao na kwa bei ndogo.

Miaka thelathini baadaye Afrika ilikuwa inazika watu kwa ukimwi. Dawa zilikuwepo, ila kwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Nani hapa angelipa? Mwanzoni mwa 2001 kampuni ya Cipla ya Mumbai ikatangaza kwamba itauza mseto wa dawa hizo kwa madaktari wa misaada kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku. Mwaka huo huo Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwandani iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu. Ikiwa una shangazi, mjomba au mzazi aliye hai leo kwa sababu ya ARV, kuna uwezekano mkubwa maisha yake yalipita kwenye mlango huo.

Biashara ya dunia ilipoibana India ibadilishe sheria yake mwaka 2005, ilibadilisha, lakini ikaacha kifungu kinachozuia kampuni kuongeza miaka ya ulinzi kwa kuigeuza dawa ya zamani kidogo tu. Kampuni ya Novartis ilipigania dawa yake ya saratani hadi Mahakama ya Juu ya India, na Aprili 2013 ikashindwa.

Ona basi: “hapa hapana” moja iliyosemwa Delhi mwaka 1970 ilikuja kuokoa watu Kisumu na Kibera miaka thelathini baadaye. Ndiyo maana nasema haya mambo ya mikataba si ya wazee wenye suti peke yao.

Usiwaweke ukutani kama poster

Kabla hujaanza kushangilia, nikuonyeshe upande wa pili, maana stori ya India siyo ya shujaa.

Machi 3, 2021, Kenya ilipokea chanjo zake za kwanza za Covid-19, zaidi ya dozi milioni moja za AstraZeneca zilizotengenezwa India. Wiki chache baadaye Delhi ilikuwa inawaka: hospitali zimejaa, oksijeni imeisha, watu wanachomwa kwenye maegesho ya magari. India ikasimamisha kuuza chanjo nje. Wakenya waliochanjwa dozi ya kwanza wakabaki wakisubiri ya pili. Julai 2023 ikapiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati, ili bei ishuke kwake nyumbani, na bei ikapanda duniani. Hakuna aliyetupigia simu kutuuliza. Rafiki akiwa na njaa hula kwanza, na ndivyo itakavyokuwa kila mara.

Hata mafuta ya Urusi, usifikiri yalimfaidi kila mtu. Bei ya petroli Delhi ilikaa pale pale kuanzia Mei 2022 kwa karibu miaka miwili. Jamaa wa pikipiki wa Delhi hakuuona ule unafuu kwenye pampu. Faida ilienda kwa wenye viwanda vya kusafisha mafuta, vikiwemo vile vya Jamnagar, Gujarat, vilivyonunua ghafi kwa bei ya chini na kuuza petroli na dizeli nje. Lakini ushuru wa asilimia 50 ulipofika, uliwaangukia washonaji wa Tirupur, wakata almasi wa Surat na wafugaji wa kamba wa Andhra Pradesh. Mmoja alikula, mwingine akaosha vyombo.

Na China? Juni 2020 wanajeshi 20 wa India waliuawa kwenye mapambano ya mpakani kule Galwan. Wiki mbili baadaye India ikapiga marufuku TikTok na programu nyingine 58 za Kichina, na watu kama milioni 200 wakaamka hawana TikTok. Hebu fikiria hilo hapa kwetu! Lakini bidhaa za China ziliendelea kuingia. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2025, India ilinunua kutoka China kwa karibu dola bilioni 100 zaidi ya ilivyoiuzia. Kufunga programu ni rahisi. Kutengeneza vipuri ambavyo viwanda vyako vinategemea ni kazi ya miaka.

Hata kwa Urusi, Delhi huinama upepo ukizidi. Oktoba 2025 Marekani ilipoziwekea vikwazo Rosneft na Lukoil zenyewe, baadhi ya kampuni za India zilianza kupunguza mafuta ya Kirusi. Putin alikumbatiwa, ndiyo, lakini calculator ilikuwa mezani.

Na sisi je?

Sasa turudi nyumbani.

Septemba 30, 2025, AGOA, mpango uliotuwezesha tangu mwaka 2000 kuuza nguo Marekani bila ushuru, ulifika mwisho wake. Waulize vijana wanaoshona kwenye viwanda vya EPZ pale Athi River kama walilala usingizi mnono wiki hiyo. Kwa miaka 25 tulijua kuna tarehe ya mwisho, ikasogezwa, ikasogezwa tena, na kila mara mpango wetu ulikuwa kuomba isogezwe. Mkono mtupu haulambwi, walisema wazee. Tulienda kuomba na mikono mitupu.

Kisha kuna ile ya Adani. Julai 2024, tukiwa bado barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha, karatasi zikavuja mitandaoni: kampuni ya India inataka kuendesha JKIA kwa miaka 30. Bunge halikujua vizuri, wafanyakazi hawakuambiwa. Septemba wafanyakazi wa uwanja wakagoma, Mahakama Kuu ikasimamisha mpango. Serikali ikaendelea kuutetea. Kisha Novemba 20 waendesha mashtaka wa Marekani wakamfungulia mashtaka Gautam Adani, mashtaka ambayo kampuni yake iliyakanusha. Kesho yake Rais William Ruto akasimama Bungeni akafuta mpango wa uwanja wa ndege na ule wa nyaya za umeme.

Tulishangilia, si ndiyo? Hata Bunge lilishangilia. Lakini hebu tulia uwaze. Vijana walisema hapana miezi minne. Wafanyakazi walisema hapana. Korti ilisema subirini. Aliyesikika ni mwendesha mashtaka wa New York. Hata ile “hapa hapana” yetu tuliagiza kutoka nje, kama mitumba.

Sasa nilijibu lile swali la ukubwa. Ndiyo, India ina soko ambalo kila mtu analitaka, nasi hatuna. Ila mwaka 1991 India hiyo hiyo ilikuwa imebakiwa na akiba ya dola za kununua bidhaa za nje kwa wiki mbili tatu tu. Ilipakia dhahabu tani 47 na kuziweka rehani nje, sehemu kubwa Benki Kuu ya Uingereza, ili ipate mkopo. Waziri wa Fedha, Manmohan Singh, akafungua uchumi mwaka huo. Walikuwa wamesota kabisa, na bado walichagua kipi kifunguliwe na kipi kisubiri. Maziwa hayakutupwa sokoni kwa sababu mfuko ulikuwa mtupu.

Na udogo wetu una dawa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane na zaidi ya watu milioni 300. Lakini Ulaya ilipotaka mkataba, tulienda peke yetu. Mkataba wa Kenya na Umoja wa Ulaya ulianza kutumika Julai 1, 2024, majirani wakiwa nje. Huwezi kulia kwamba wewe ni mdogo huku ukikataa kusimama na ndugu zako.

Maswali matatu ya kubeba

Mimi chuo sikumaliza. Sijakaa darasa la uchumi wa kimataifa hadi mwisho wa muhula. Lakini kusoma mkataba hakuhitaji kofia ya kuhitimu. Kunahitaji mkataba wenyewe uwe mahali tunaweza kuuona.

Kwa hivyo kila ukisikia “tumesaini”, picha za kupeana mikono zikajaa kwenye simu yako, uliza mambo matatu. Tumeuza nini? Tumekataa kuuza nini? Na ni nani, nje ya chumba kile, aliyeusoma kabla ya kalamu kugusa karatasi? Swali la pili ndilo gumu zaidi. Mkataba ambao hakuna aliyekuonyesha mahali tuliposema hapana, huenda hatukusema popote.

Katiba iko upande wako. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi kama msingi wa utawala. Walioenda kortini kuhusu data za afya Desemba 2025 walianzia hapo, na wakasikika wiki moja tu baada ya sahihi. Hiyo ni hapana ya nyumbani, iliyoshonwa hapa hapa.

Wakulima wa Punjab hawakuwa wanadiplomasia. Lakini leo mtu yeyote anayeketi na India kujadili biashara, awe Mwingereza au Mmarekani, anajua kuna jambo ambalo Waziri Mkuu hawezi kulitia sahihi hata akitaka, kwa sababu akirudi nyumbani atawakuta barabarani.

Sisi barabara tunazijua tayari, bana. Tulizijaza Juni 2024 kwa sababu ya kodi. Kilichobaki ni kujifunza kuuliza kuhusu sahihi za mbali kwa ukali ule ule tunaouliza nao kuhusu bei ya mkate. Anza na ule mkataba wa afya: rekodi zinazozungumziwa ni zako.